Anza na Yai: Kufuga Pweza Mdogo Nyumbani

Watu wakisikia nafuga pweza sebuleni huniuliza tangi lina ukubwa gani, anakula nini, na kama kweli ana mioyo mitatu. Anayo. Lakini mtu akinijia na nia ya kufuga hasa, mimi humuuliza habari za yai. Pweza unayemtaka yai lake ni kubwa au dogo? Ukishalijua hilo, mengi yanajijibu yenyewe: kama utampata bila kumtoa baharini, kama atatosha tangini, kama kuna aliyewahi kumkuza toka utotoni, hata kwa nini wanasayansi wanamjua sana huyu na si yule.

Wako pweza wanaotaga mayai madogo kwa mamia ya maelfu. Kitoto kikitoka hakiujui mwamba. Kinaelea, mkondo unakichukua, kinakula vijidudu vya majini kwa majuma kadhaa, halafu ndipo kinashuka chini kuanza upweza wake. Pweza wetu wa pwani ya Afrika Mashariki, huyu anayechomwa Forodhani na kuuzwa Feri, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, yumo kundi hilo. Yumo pia Octopus vulgaris, aina ya yule Paul wa Oberhausen, Ujerumani, aliyetabiri mechi za Kombe la Dunia la 2010 tukacheka naye Afrika nzima. Kumkuza mtoto wa pweza kama hao kuanzia yai ni kazi iliyowashinda wataalamu wenye maabara na fedha kwa miaka mingi, kwa sababu kile kitoto kinachoelea hufa njaa hata chakula kikiwa tele mbele yake, kama si chakula chenyewe hasa.

Kundi la pili hutaga mayai machache na makubwa. Mtoto akitoka anatua chini siku ileile, ana minyiri minane inayofanya kazi, anajificha, anawinda. Ukubwa wake ni kama punje ya kunde, lakini ni pweza kamili. Huyu unaweza kumlea kwenye chombo kidogo chenye maji safi na vikamba vidogo sana vilivyo hai.

Wangu alikuwa wa kundi la pili: Octopus bimaculoides, pweza mwenye madoa mawili, wa pwani ya kusini ya California na Baja California ya Mexico. Naishi San Diego, kwa hiyo ni mwenyeji wa hapa kuliko mimi. Maji yakipwa pale Cabrillo, kwenye ncha ya Point Loma, ukiwa na subira utamwona kwenye vidimbwi vya mwambani. Usimguse tu, maana pale ni hifadhi na hakiokotwi kitu, hata kombe tupu. Wangu nilimnunua kwa mfugaji anayewazalisha, akiwa mdogo wa kukaa juu ya sarafu. Chini ya kila jicho ana doa jeusi lenye pete ya buluu inayometa, kama jicho la pili la kumtishia adui. Kwa kuwa madoa yamekaa pale ambapo binadamu ana mashavu, tukamwita Mashavu. Tulijua ni jike kwa kuutazama mnyiri wa tatu wa kulia: wa dume una ncha laini isiyo na vinyonyeo, ndiyo anayotumia kupitishia mbegu, na wake ulikuwa na vinyonyeo hadi mwisho.

Yai lile kubwa ndilo lililomfanya huyu kuwa pweza wa maabara. Anazalishika, anaishi tangini, hahitaji bahari nzima. Ndiyo maana jenomu ya kwanza ya pweza kusomwa, yaani maelekezo yake yote ya urithi, mwaka 2015, ilikuwa yake: jeni zipatazo 33,000, nyingi kuliko zetu. Mwaka huohuo watafiti wa Santa Barbara walionyesha kwamba ngozi yake inauhisi mwanga yenyewe, bila kuletewa habari na macho wala ubongo. Mwaka 2018 wengine walimpa dawa ile ya kulevya ya vijana wa disko, MDMA, na mnyama huyu asiyependa mwenzake akawa anamkaribia pweza mwingine na kumshika. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikamtazama Mashavu kwa haya kidogo.

Baada ya yai, maji. Kusema kweli anayefuga pweza anafuga bakteria, na pweza ni mgeni wao. Mnyama anakojoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao hawanunuliwi wakaota usiku mmoja. Hukaa kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye chujio, na huchukua majuma mengi kuzoea na kuongezeka. Tangi jipya lenye maji meupe ya kupendeza ni kaburi la pweza. Lililokaa miezi mitatu, lenye mawe yaliyoanza kuota vitu usivyovijua, ndilo linaloanza kumfaa. Pweza naye anakula sana, anakua upesi na kuchafua maji kuliko samaki wa uzito wake, kwa hiyo chujio linalotosha samaki halimtoshi. Mimi nina tangi la lita mia tatu na ushei, tangi jingine chini yake kwa ajili ya chujio, na mashine ya povu inayokamata uchafu kabla haujaoza. Yote hayo kwa mnyama ambaye mwili wake, ukiacha minyiri, unatosha kiganjani.

Halafu shaba. Damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa hemosianini, ambayo ina shaba ndani yake. Ungedhani basi shaba haimdhuru. Shaba kidogo tu majini inamuua. Dawa nyingi za kutibu samaki wa maji chumvi zina shaba, na mawe na gundi ya tangi huinyonya na kuitoa polepole baadaye. Kwa hiyo tangi la mkono wa pili ambalo mwenyewe hakumbuki alitia dawa gani, liache kwake. Bomba la shaba ndani ya nyumba nalo ni la kuangaliwa: maji ya bomba hayaingii tangini bila kupita kwenye mtambo wa kuyasafisha.

Wafugaji wengi huchanganya chumvi ya dukani na maji hayo yaliyosafishwa. Hapa San Diego tuna bahati, maana kwa miaka mingi wafugaji wamekuwa wakichota maji ya bahari yaliyochujwa yanayovutwa pale gati ya Scripps, La Jolla. Mimi nami nimekwenda na madumu yangu kwenye buti la gari. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binamu yangu wa Chake Chake aliandika: “Umepanda ndege ukaenda Marekani kuteka maji ya bahari.” Sikuwa na la kujibu.

Joto ndilo linalokula fedha. Bimaculoides anapenda maji ya baridi kiasi, kati ya nyuzi 15 na 22 hivi, na nyumba yetu ya kupanga mwezi wa nane inapita hapo bila kuulizwa. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua na pweza huishi haraka: anakula zaidi, anakua mbio, anazeeka mapema. Mashine ya kupoza maji ilinigharimu zaidi ya tangi lenyewe. Ana uwezo wake mwenyewe wa kukabiliana na baridi na joto. Utafiti uliotoka mwaka 2023, kwa aina hiihii, ulionyesha kwamba maji yakipoa hubadilisha RNA yake, ile nakala ya maelekezo ya DNA, kwa wingi ajabu na hivyo kubadilisha protini za neva bila kuigusa DNA. Lakini huo ni uwezo wa kufuata majira ya bahari. Hausaidii kiangazi cha ghorofani.

Ushauri bora niliopata kuhusu nyumba ya pweza haukutoka kwa mfugaji yeyote. Ulitoka kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye amechokoa pweza kusini mwa Pemba tangu usichana wake. Bamvua ikifika na maji yakapwa mbali, kina mama hutoka na vijiti vyao kutembea juu ya mwamba, na macho yao yanaona usichokiona. Mawe ya tangi nilikuwa bado nayapanga nilipompigia kwa video.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia umenunua pweza.”

“Bado hajafika. Naandaa tangi.”

“Kwa pesa?”

“Kwa pesa, mama.”

“Na akifika humli.”

“Simli.”

Alinyamaza, nikamsikia akimweleza mtu pembeni yake, na huyo mtu akacheka sana. Kisha akasema nimwonyeshe. Nikazungusha simu. Nilikuwa nimejenga matao mawili marefu, mazuri kwa macho, na akataka kujua hivyo ni vya nani. Nikamwambia ni mapango ya pweza.

“Pweza hataki uwanja,” alisema. “Pweza anataka mlango. Tia shimo ambalo mdomo wake ni mwembamba na tumbo lake pana kidogo, umwekee na vijiwe nje. Atajifungia mwenyewe.”

Akaniambia namna wanavyolijua shimo lenye mwenyewe. Mchanga mdomoni ni msafi, umepulizwa upya. Vijiwe vimesogezwa pamoja, havikukaa vile vilivyoletwa na maji. Na nje kuna jaa: magamba ya kaa, makombe yaliyofunguliwa, mabaki ya chakula cha jana. Kombe zikiwa bado zinang’aa ndani, yumo. Zikiwa zimeota kijani, amehama. Wataalamu wa Marekani na Ulaya nao huyachambua majaa hayo ili kujua pweza anakula nini, ila wao huandika makala, mama mkubwa huandika mchuzi.

Nikabomoa matao, nikaweka mtungi mdogo wa udongo uliolala ubavu, mdomo wake nikauziba nusu kwa jiwe, na nje nikamwaga kokoto. Mashavu alipofika alikaa siku ya kwanza nyuma ya bomba la pampu, mweupe kwa woga. Usiku akauona mtungi. Asubuhi kokoto zote zilikuwa mlangoni, na katikati yake limebaki tundu la jicho moja. Baada ya hapo alipotaka kuwa peke yake alivuta jiwe kubwa na kufunga. Nilizoea kusoma siku yake kwenye mawe yale kabla hata sijamwona.

Kifuniko ni jambo la kulichukulia kwa uzito wake. Pweza hana mfupa. Kitu kigumu alicho nacho ni mdomo, ule unaofanana na wa kasuku, na panapopita mdomo panapita mwili wote. Wafugaji wote wanamjua Inky, pweza wa National Aquarium of New Zealand mjini Napier, ambaye mwaka 2016 habari zake zilienea duniani: alitoka tangini usiku kwenye upenyo wa kifuniko, akatambaa sakafuni, akaingia bomba la maji machafu linaloteremka hadi baharini, wala hakuonekana tena. Nyumbani kwangu bahari iko mbali na chini ya sebule kuna jirani asiye na ucheshi. Kwa hiyo kifuniko kina vibano pande zote, kila tundu la waya limezibwa kwa sponji, na kwenye ukingo wa ndani nimezungusha zulia la nyasi za plastiki. Vinyonyeo havishiki juu ya nyasi zile. Alizijaribu, akazichukia, akarudi. Midomo ya pampu nayo lazima ifunikwe, maana mnyiri ukivutwa ndani ni msiba.

Na awe peke yake. Samaki utakayemweka naye atakuwa chakula au atamng’ata macho. Pweza mwenzake atakuwa chakula pia, au mchumba, na mara nyingine vyote viwili kwa mfuatano huo uliogeuzwa.

Kwa chakula nilianza na kaa wadogo walio hai, wale ambao dume lake lina gando moja kubwa. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu anafuga pweza, tazama anavyomkamata kaa. Anatoka mlangoni taratibu, rangi inamjia na kumtoka, kichwa kinapanda na kushuka anapopima umbali. Kisha anatandaza ngozi iliyo kati ya minyiri na kumfunika kaa kwa mkupuo, na mwili wote unakuwa mweupe mara moja. Kwa kombe ngumu hutoboa: ana ulimi wenye meno na mate yenye sumu ya kuwalegeza wanyama wadogo, anachimba kitundu chembamba, anamwaga mate, anasubiri. Kaa hai ni ghali, kwa hiyo polepole nilimzoesha kamba wa barafu na kome, nikimpa kwa ncha ya kijiti. Siku nyingine alipokea kamba, akaniangalia, akamtupa kwenye mkondo wa maji na kuurudisha mnyiri kwenye kijiti kudai cha maana.

Nafika hapo kwenye akili, ambayo kila anayeandika kuhusu pweza huanza nayo. Mimi nimechoka kidogo na sifa hizo. Ni kweli ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko kwenye minyiri, si kichwani. Ni kweli alifungua chupa ya jamu niliyotia kaa ndani. Lakini chupa ilimchosha upesi, na alipoizoea akawa anaifungua kwa mnyiri mmoja huku anatazama pengine, na zaidi ya hapo haikumpa kitu. Kilichonivuta mimi ni mkono wake. Kinyonyeo cha pweza kinaonja kile kinachogusa. Watafiti wa Harvard mwaka 2020 walivieleza vipokezi vyake, tena kwa kutumia bimaculoides. Kwa hiyo alipokishika kidole changu alikuwa ananionja, kinyonyeo kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukijua hivyo hutaingiza tena mkono wenye sabuni au mafuta ya kujipaka tangini. Nanawa kwa maji matupu, nasuuza tena kwa maji ya tangi, ndipo naingia.

Pale Seattle Aquarium, Jennifer Mather na Roland Anderson waliwapa pweza wanane wakubwa wa Pasifiki chupa tupu ya dawa inayoelea. Wengi waliionja na kuiacha. Wawili wakaanza kuipuliza kwa maji kuelekea mkondo, inarudi, wanaipuliza tena. Waliita mchezo, na makala yao ya mwaka 1999 bado inatajwa. Mashavu alikuwa na mchezo mmoja tu, na ulikuwa juu yangu: nikikaa na kompyuta karibu na tangi bila kumjali, alipanda mpaka usawa wa kifuniko na kupuliza maji kwenye ufa wa taa. Mke wangu alikaa palepale jioni nzima bila kurushiwa tone. Kwamba pweza hutofautisha watu limeshajaribiwa Seattle hukohuko, kwa mtu mmoja kuwalisha na mwingine kuwachokoza kwa kijiti. Mimi ndiye niliyekuwa nalisha, kwa hiyo sina maelezo.

Rangi zake nazo zina kioja chake. Macho ya pweza yana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, kwa hiyo kwa kipimo chetu haoni rangi, na bado anafanana na jiwe la kahawia alilokalia mpaka unalitafuta tangi zima. Usiku, amelala juu ya mtungi, akiwa mweupe ametulia, ghafla rangi zilimpitia: hudhurungi, madoa, ngozi ikainuka vipele, macho yakacheza, kisha weupe ukarudi. Watafiti wa Okinawa walipima ubongo wa aina nyingine ndogo ya pweza wakati kama huo, na mwaka 2023 wakaeleza kwamba shughuli zake zinafanana na za pweza aliye macho.

Je, ni haki kumfuga? Nimejibishana na hili na nina jibu langu. Pweza wa yai kubwa aliyezaliwa tangini, kwa mtu aliye tayari kwa maji, joto na gharama, ndiyo. Pweza wa kuchukuliwa mwambani, hapana, na hasa nasema na ndugu zangu wa Dar, Tanga na Mombasa ambao wananiandikia kwamba wao bahari iko mlangoni na kijana wa ufukweni atawaletea mmoja mdogo. Huyo mdogo ni cyanea. Pweza wa aina hiyo hukua kwa kasi ya kutisha, kwa miezi michache atakuwa na kilo zake na tangi lako litakuwa beseni. Kasi hiyohiyo ndiyo inayowalisha watu. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa muda ili pweza wakue, na walipoufungua walivuna wakubwa. Utaratibu huo ukasambaa. Kisiwa Panza, kule kwetu Pemba, nao hufunga mwamba na kuufungua. Miezi michache ya kuuacha mwamba inageuza pweza wa kitoweo kimoja kuwa pweza wa kuuzwa na karo ikalipwa. Mdogo unayemtia kwenye ndoo unamtoa kwenye hesabu hiyo. Na wale wadogo wenye pete za buluu mwilini, ambao ni aina nyingine kabisa na ya Mashavu, wanaouzwa mtandaoni kwa kuwa wanapendeza picha, waache kabisa: sumu yao ni tetrodotoksini, na haina dawa ya kuikata.

Jimbo langu lina msimamo wake. Mwaka 2024 California ilipitisha sheria ya kuzuia ufugaji wa pweza kwa ajili ya kuliwa, ikifuata nyuma ya jimbo la Washington. Nilimweleza mama mkubwa: huku naruhusiwa kukaa naye sebuleni, lakini siruhusiwi kufungua shamba la pweza wa mchuzi. Aliuliza kama ni ruhusa kuwala wa kutoka baharini. Nikasema ni ruhusa. “Basi sheria nzuri,” akasema. “Shamba la nini na bahari ipo.” Mimi mwenyewe bado nakula pweza wa nazi nikiwa Pemba, na sioni aibu, yule alikaa mwambani, akaishi vyake, na aliyemtoa alimfuata kwa miguu yake juani. Kumlundika mnyama asiyevumilia mwenzake, maelfu kwenye vidimbwi, ndiko kunakonishinda kukubali.

Mwisho wa pweza umeandikwa tangu mwanzo, na anayemnunua anapaswa kuujua siku analipa. Bimaculoides huishi mwaka mmoja hadi miwili. Mashavu alipokomaa alianza kukaa ndani zaidi, na jioni moja jiwe la mlango halikuondoka tena. Kwa tochi nyekundu niliyaona mayai, marefu, yenye rangi ya maziwa, yameshikizwa kwenye dari ya mtungi. Alikuwa hajawahi kukutana na dume. Mayai matupu. Haikumbadilishia kitu: aliyapuliza maji, akayasugua kwa ncha za minyiri, akakataa kaa niliyempelekea mlangoni kwa kumsukuma nje, kwa upole, kila mara.

Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alieleza kinachotokea. Aliwatoa majike wa aina nyingine ya pweza, waliokuwa wameatamia, tezi ndogo zilizo karibu na macho. Wakayaacha mayai, wakaanza kula, wakaishi zaidi. Mwaka 2022 kundi la Chicago, likimtumia bimaculoides, likaonyesha kwamba baada ya kutaga tezi hizo hubadili namna ya kuitumia kolesteroli na kumwaga kemikali ambazo kwa wanyama wengine zinajulikana kwa madhara zikizidi. Mnyama hafi kwa njaa peke yake. Mwili wake unaizima taa kwa mkono wake mwenyewe. Dume naye hana unafuu: haatamii, lakini uzee humkuta wakati uleule, anazubaa, ngozi inatoka vidonda visivyopona.

Nilimwonyesha mama mkubwa. Safari hii hakucheka. Alisema pweza wa mayai huwa amekonda, hafai kitu jikoni, na kwamba anayejua kazi akiliona shimo lile huliacha. Akauliza kama namlazimisha kula. Nikamwambia hapana, nimeacha. “Umefanya vizuri.”

Aliishi majuma kadhaa mengine. Mayai yaliharibika, yakaanguka moja moja, naye akaendelea kuipulizia dari iliyobaki tupu. Alipokufa nilimtoa upesi, kwa sababu pweza aliyekufa huchafua maji kwa saa chache na bakteria niliowalea wangezidiwa. Nikabadilisha nusu ya maji siku hiyohiyo.

Tangi halikuzimwa. Ukiliacha bila mnyama, bakteria hukosa chakula na ile miezi mitatu inaanza upya. Mfugaji aliyeniuzia Mashavu ameniandikia kwamba ana mayai yanayokaribia kuanguliwa. Nimemwomba aniwekee mmoja, ila anitumie baada ya Oktoba, joto likishashuka na bili ya umeme ikishapumua. Kwa sasa humo wamo kaa watatu waliosalia kwenye mfuko wa mwisho wa chakula. Wamenenepa, wanagombania mtungi, na mdogo wao ndiye anayeonekana kushinda.